Johann Sebastian Bach na Karatasi za Ukoo Wake

Kamati ya Jubilei iliponipa heshima ya kuandika sura hii, iliniomba nieleze maisha ya mtu mmoja wa kanisa letu la Kilutheri aliyeitumikia Injili kwa njia ya muziki. Jina halikunisumbua. Wageni wetu wa Dayosisi na washarika wote watakumbuka kwamba wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig. Leipzig ndio mji ambamo Johann Sebastian Bach alikuwa Kantori, yaani mwalimu na mwongozi wa muziki wa makanisa, kwa miaka 27 hadi kufa kwake. Wamisionari hao walikuja na nyimbo za makanisa ya kwao, na baadhi ya lahani zake ni zile zile ambazo Bach alizifanyia kazi zaidi ya karne moja kabla yao.

Vitabu vilivyoandikwa juu ya mtu huyu vinajaza makabati. Mimi nimependa kumfuata kwa njia moja tu, njia ya karatasi: daftari la nasaba aliloliandika mwenyewe, barua chache zilizosalia, na habari fupi fupi za magazeti ya zamani. Kamati yetu nayo imefanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya kitabu hiki, nayo inajua shida yake. Katika usharika mmoja niliowahi kuutumikia, kitabu cha kwanza cha ubatizo kililiwa na mchwa hadi jalada, na tangu siku ile nimewaheshimu sana watu wanaotunza karatasi.

Mwaka 1735 Bach alikuwa na umri wa miaka 50. Aliketi akaandika orodha ya wanamuziki wa ukoo wake, mmoja mmoja, kila mtu na namba yake, jumla watu 53, wote wanaume. Yeye mwenyewe ni namba 24. Namba ya kwanza ni Veit Bach, mwokaji mikate, ambaye katika karne ya 16 alilazimika kuondoka Hungaria kwa sababu ya imani yake ya Kilutheri. Aliuza mali yake kadiri alivyoweza, akaja kukaa Wechmar, kijiji cha Thuringia katika Ujerumani. Bach anasimulia kwamba babu huyo alikuwa na chombo kidogo cha nyuzi, mfano wa gitaa, alichokipenda mno hata akakichukua alipokwenda kusaga nafaka, akakipiga huku jiwe la kinu likizunguka. Kwa utani kidogo anaongeza kwamba sauti ya kinu na ya nyuzi lazima zilipatana vizuri, na kwamba pale mzee alijifunza kushika mapigo. Hapo, anasema, ndipo ulipoanza muziki katika uzao wake.

Baada ya Veit, ukoo ulienea katika miji midogo ya Thuringia. Mwanawe Hans alianza na kazi ya mikate, kisha akawa mpiga muziki, akafa kwa tauni mwaka 1626. Mjukuu wake Hans, Johann Ambrosius, alikuwa mwanamuziki wa mji wa Eisenach, naye ndiye baba yake Sebastian. Ambrosius alikuwa na ndugu pacha, na inasimuliwa kwamba hata wake zao hawakuweza kuwatofautisha ila kwa mavazi. Forkel, mwandishi wa kitabu cha kwanza cha maisha ya Bach kilichotoka mwaka 1802, anaeleza pia kwamba ukoo huo ulikuwa na desturi ya kukusanyika mara moja kwa mwaka, Erfurt, Eisenach au Arnstadt. Walianza kwa wimbo wa kanisa, na baada ya ibada ile wakaendelea na nyimbo za kuchekesha, kila mmoja akitia maneno yake, mpaka mbavu zikawauma. Wale wanaodhani kwamba wazee wa Kilutheri hawakujua kucheka na wasome habari hiyo.

Sebastian alizaliwa Eisenach tarehe 21 Machi 1685, akabatizwa siku mbili baadaye katika kanisa la Mtakatifu Georg. Mji huo uko chini ya ngome ya Wartburg, ambako Luther alilitafsiri Agano Jipya, na shule aliyoisoma Sebastian ndiyo ile aliyoisoma Luther alipokuwa kijana. Lakini utoto wake ulikatika mapema. Mama yake alifariki Mei 1694. Baba yake alifariki Februari 1695, kabla mtoto hajatimiza miaka kumi. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa Ohrdruf, akalelewa huko hadi alipofika miaka kumi na mitano. Kwangu mimi daftari lile la mwaka 1735 halisomeki vema bila kukumbuka jambo hili. Aliyeliandika alikuwa mtoto yatima, aliyelishwa na kufundishwa na ukoo.

Mwaka 1700 alikwenda Lüneburg kaskazini, akapata nafasi ya shule kwa sababu ya sauti yake. Aliondoka pamoja na rafiki yake Georg Erdmann, nasi tutamkuta tena Erdmann huyo mbele. Mwaka 1703 akawa mpiga kinanda wa Arnstadt. Kumbukumbu za baraza la kanisa la mji huo zipo hadi leo, nazo hazimpambi. Aliomba ruhusa ya majuma manne aende Lübeck kumsikiliza bingwa wa kinanda, Buxtehude. Alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 400, akakaa huko karibu miezi minne. Aliporudi, mwanzoni mwa mwaka 1706, wazee walimwita wakamwuliza habari ya utoro wake, na wakalalamika pia kwamba katika kusindikiza nyimbo anatia mapambo ya ajabu hata washarika wanapotea. Neno hilo nimelisikia kwa masikio yangu katika vikao vya mabaraza ya wazee wa siku zetu.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Mwaka 1707 alihamia Mühlhausen, akamwoa Maria Barbara, mwana wa ukoo wake mwenyewe, maana babu zao walikuwa ndugu. Mwaka 1708 akaingia katika utumishi wa Weimar, ambako mwaka 1717 alitiwa kifungoni karibu mwezi mzima kwa sababu aling'ang'ania kupewa ruhusa ya kuondoka. Kisha akawa mkuu wa muziki wa mtawala wa Köthen. Huko ndiko msiba mkubwa ulikompata. Mwaka 1720 alisafiri na bwana wake kwenda Karlsbad. Alimwacha mkewe akiwa mzima. Aliporudi nyumbani akaambiwa kwamba amekwisha kufa na kuzikwa. Habari hii tunaijua kwa sababu mwanawe, Carl Philipp Emanuel, aliyekuwa mtoto wa miaka sita wakati ule, aliitia katika taazia ya baba yake iliyochapwa mwaka 1754. Mwishoni mwa mwaka 1721 Bach alimwoa Anna Magdalena Wilcke, mwimbaji.

Sasa tunalifikia gazeti. Mwezi Mei 1723 gazeti moja la Hamburg lilitoa habari kutoka Leipzig: Jumamosi adhuhuri yameingia magari manne yaliyojaa vyombo vya nyumbani kutoka Köthen, na saa nane mwenyewe amefika pamoja na jamaa yake katika magari mawili, wakaingia katika nyumba iliyotengenezwa upya kwenye shule ya Mtakatifu Thomas. Habari imekwisha. Mwandishi wake hakuwa na haja ya kusema zaidi, lakini tuliokuja baadaye tunaona vitu, watoto na mama mwenye nyumba wakishuka mlangoni, kama vile mtu aonavyo mchungaji mpya akihamia nyumba ya usharika.

Gazeti halikuweza kuonyesha yaliyokuwa ndani ya nyumba hiyo. Kazi hiyo hufanywa na barua. Tarehe 28 Oktoba 1730 Bach alimwandikia Erdmann, ambaye wakati huo alikuwa mjumbe wa serikali ya Urusi katika mji wa Danzig, na kwa sababu hiyo barua yenyewe ilihifadhiwa Moscow. Ni barua ya mtu aliyechoka. Anaomba rafiki yake amtafutie kazi mahali pengine. Wakuu wa Leipzig, anasema, hawaujali sana muziki, na maisha ni ghali. Mapato yake ni kama taler 700 kwa mwaka, lakini sehemu yake hutegemea ada za maziko, na hewa ikiwa njema watu hawafi, hata mwaka uliotangulia alipungukiwa zaidi ya taler 100. Mchungaji asomapo maneno hayo hutabasamu, kisha huona haya kidogo. Lakini mwisho wa barua ile sauti inabadilika. Anataja watoto wake mmoja mmoja, anasema wote wamezaliwa wanamuziki, na kwamba tayari anaweza kufanya tamasha la sauti na vyombo kwa watu wa nyumbani mwake tu, maana mkewe anaimba sauti ya kwanza safi na binti yake mkubwa naye si haba.

Kazi haikupatikana, akabaki Leipzig. Huko alikuwa amekwisha kutoa Mateso ya Bwana kwa jinsi ya Yohana mwaka 1724 na ya Mathayo mwaka 1727, na nyimbo kubwa za ibada za Jumapili zilizotungwa juma kwa juma, pamoja na ule uliojengwa juu ya wimbo wa Luther utokanao na Zaburi ya 46. Ndugu wanakwaya wanaolalamika kwa kupewa wimbo mpya siku ya Alhamisi wafikirie vijana wa shule ya Mtakatifu Thomas.

Katika ndoa zake mbili Bach alizaa watoto 20. Kumi tu ndio waliokua wakawa watu wazima. Miongoni mwa hao kumi, barua za mwaka 1738 zinatuonyesha mmoja ambaye vitabu vya sifa humpita haraka. Ni Johann Gottfried Bernhard, aliyezaliwa mwaka 1715. Mwaka 1735, mwaka ule ule wa daftari la nasaba, baba yake alikuwa ameandika barua kwa wakuu wa Mühlhausen kumwombea nafasi ya mpiga kinanda katika mji ambao yeye mwenyewe aliufanyia kazi ujanani. Kijana akaipata. Hakudumu. Akahamia Sangerhausen mwaka 1737, na huko akaacha madeni na kutoweka, pasipo mtu kujua aliko.

Mwenyeji wake, Klemm, alimwandikia baba. Jibu la Bach la Mei 1738 limesalia. Anasema kwamba alikwisha kumlipia mwanawe madeni huko Mühlhausen, akadhani sasa ameanza maisha mapya. Maonyo na upendo havikusaidia, wala msaada haukusaidia. Imebaki auchukue msalaba wake kwa saburi, na kumwachia Mungu peke yake huruma juu ya kijana huyo. Hata hivyo hakubali kulipa deni lolote pasipo hati ya mkono wa mwanawe, na anaomba sana, kama yuko mtu ajuaye mahali alipo, aambiwe. Januari 1739 Bernhard aliandikishwa katika chuo kikuu cha Jena kusoma sheria. Tarehe 27 Mei mwaka huo alifariki kwa homa, akiwa na miaka 24. Nimewahi kukaa na wazazi wa namna hiyo ofisini kwangu, wala sikumbuki kama niliwaambia neno lolote la maana. Barua hii naiona nzito kuliko taazia zote za Bach.

Ukoo haukukosa faraja. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1737 hadi 1742 alikaa nyumbani mwao jamaa kutoka Schweinfurt, Johann Elias Bach, akiwafundisha watoto na kuandika barua za mwenye nyumba. Nakala zake zinatufahamisha kwamba Anna Magdalena alipenda sana ndege mwimbaji na miche ya maua ya njano, na kwamba mwaka 1741 Elias alilazimika kumwandikia Bach aliyekuwa safarini Berlin arudi kwa sababu mama ni mgonjwa sana. Mwaka 1748 Elias, akiwa kwao, alimpelekea mzee pipa la divai. Bach alimshukuru, akasikitika kwamba theluthi moja imemwagika njiani, kisha akamhesabia gharama zote za uchukuzi na ushuru, akamsihi asilete tena, maana zawadi hiyo imekuwa ghali mno.

Magazeti ya Mei 1747 yalisimulia jinsi Bach alivyopokewa Potsdam na Mfalme Frederick, ambaye alimpa lahani ya kuitungia papo hapo. Lakini habari ya gazeti inayonifundisha zaidi ni ya tarehe 1 Aprili 1750. Siku hiyo gazeti la Berlin lilitangaza kwamba tabibu Mwingereza wa macho, John Taylor, amempasua Bach macho huko Leipzig kwa mafanikio makubwa. Wakati wasomaji wa Berlin wanafurahia habari hiyo, nyumbani kwa mgonjwa ilikuwa giza. Upasuaji ulirudiwa mwezi huo huo, afya yake yote ikavunjika, na tarehe 28 Julai 1750 akafariki, mwenye umri wa miaka 65. Taazia iliyoandikwa na jamaa yake ndiyo iliyosema kweli. Tangu nilipoziweka habari hizo mbili kando kwa kando, sichukui habari ya gazeti la kale mpaka nimetafuta barua ya mtu wa nyumbani.

Alizikwa katika makaburi ya Mtakatifu Johannes bila jiwe la kumbukumbu. Vitu vyake viliorodheshwa, na orodha hiyo inaonyesha kwamba vitabu vyake vya theolojia vilikuwa vingi, pamoja na maandiko ya Luther. Biblia yake yenye maelezo ya Calov, aliyoandika ndani yake mwaka 1733, ilipotea machoni pa watu hadi mwaka 1934, ilipotambuliwa katika nyumba ya Walutheri wenye asili ya Kijerumani huko Michigan, Marekani. Pembeni mwa habari ya kuwekwa wakfu kwa hekalu, katika kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, mkono wake umeandika kwamba palipo na muziki wa ibada Mungu yupo kwa neema yake.

Mjane wake, aliyekuwa amenakili kurasa nyingi za muziki wa mumewe, alifariki mwaka 1760 akiishi kwa sadaka ya maskini. Binti yao wa mwisho, Regina Susanna, aliishi hadi mwaka 1809, naye pia katika umaskini. Safari hii gazeti lilifanya jambo jema. Mwaka 1800 mhariri Rochlitz alichapa katika gazeti la muziki la Leipzig mwito wa kumchangia binti huyo, na miongoni mwa walioguswa alikuwa Beethoven, aliyeandika kwamba angependa kutoa kazi yake moja ichapwe kwa faida ya mama huyo. Mjukuu wa mwisho aliyekuwa mwanamuziki, Wilhelm Friedrich Ernst, alikuwako Leipzig mwaka 1843 mnara wa babu yake ulipofunuliwa, uliojengwa kwa juhudi za Mendelssohn. Alikuwa mzee wa miaka 83. Alifariki mwaka 1845.

Na lile daftari la nasaba? Nakala ya mkono wa Bach mwenyewe imepotea. Carl Philipp Emanuel, aliyemweleza Forkel kwamba baba yake hakuwa na muda wa kuandika barua ila zile za lazima kabisa, alimpelekea mwandishi huyo daftari hilo pamoja na nyongeza zake. Aliyelinakili, miaka ya 1774 na 1775, alikuwa binti yake, Anna Carolina Philippina. Ninyi akina mama na mabinti mnaotunza vitabu vya vikundi vyetu mtaona wenyewe: katika namba 53 mabinti hawakuhesabiwa, lakini namba hizo tunazo kwa sababu ya mkono wa binti.

Bach alitunza pia muziki wenyewe wa wazee wake, nyimbo za Johann, Heinrich, Johann Michael aliyekuwa baba wa Maria Barbara, na Johann Christoph wa Eisenach. Katika miezi yake ya mwisho, kwa mkono uliokwisha kudhoofika, alitayarisha nakala za wimbo mmoja wa Johann Christoph, sala ya kumwomba Bwana aamshe watu wake wamngoje Mwanawe ajapo. Wataalamu wengine hudhani aliuandaa kwa ajili ya maziko yake. Karatasi hizo zilifika katika maktaba ya chama cha waimbaji cha Berlin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilihamishwa ili zisichomwe na mabomu, na vita ilipokwisha hazikuonekana. Mwaka 1999 zilikutwa Kiev, katika hifadhi ya nyaraka ya Ukraine, zikiwa salama, na mwaka 2001 zikarudishwa Berlin.